Mliita "katuni ya watoto" mwaka 2008, leo Ahsoka kawa wenu?

Wakuu, nimevumilia sana ila leo nimefika kikomo. Juzi kuna mdau kaandika kwenye uzi wa Star Wars kwamba The Clone Wars ni katuni tu, haihesabiki. Nikaangalia picha aliyoweka kwenye akaunti yake: Ahsoka Tano, panga mbili nyeupe za mwanga mkononi. Sasa huyo uliyemweka hapo, ndugu yangu, unadhani katokea wapi?

Tuwekane sawa. Ahsoka hayumo hata kwenye muvi moja kati ya zile sita za George Lucas mlizozikariri. Hayumo. Alitokea mara ya kwanza Agosti 2008, kwenye muvi ya katuni ya The Clone Wars, binti wa miaka 14 aliyekabidhiwa kwa Anakin Skywalker, mmoja wa Jedi (wale wapiganaji wa panga za mwanga), amfundishe. Na hizo panga nyeupe zilikuja baadaye, kwenye katuni nyingine, Rebels. Yaani hiyo picha yako nzima ni katuni juu ya katuni.

Na mlivyompokea huyo binti mnakumbuka? Naona mmejisahaulisha. Mlisema ana kiherehere, ana mdomo, anamharibu Anakin. Alipomwita Anakin "Skyguy" na roboti R2-D2 "Artooie" watu walichachamaa utadhani katukanwa mama yao. Hesabu ikawa moja tu: kwenye muvi ya Revenge of the Sith ya 2005, ambayo kihadithi inakuja baada ya katuni hii, hayupo, kwa hiyo lazima auawe kabla, sasa wanamuua lini? Watu walikuwa wanasubiri kifo cha mtoto kwa hamu, leo haohao ndio wa kwanza kulia akitokea dakika mbili kwenye tamthilia.

Muvi yenyewe ya 2008 ilikuwa mbovu, hilo sibishi. Zilikuwa ni episodi za mwanzo, Lucas alivyoziona akapenda, akaamua ziunganishwe zipelekwe sinema. Matokeo yake ukikaa unaona kabisa viungo: hapa imeisha moja, hapa imeanza nyingine. Saa moja na nusu tunahangaika na mtoto wa Jabba, yule bosi wa majambazi, aliyetekwa, halafu analetwa mjomba wake Jabba, Ziro, na ile sauti yake ambayo mpaka leo sijaisamehe. Ndevu za Obi-Wan, mwalimu wa Anakin, zimekaa kama kipande cha ubao kilichogundishwa kidevuni. Na yale maandishi ya njano yanayopanda juu mwanzoni mwa muvi hayakuwepo, badala yake kuna mtu anatusomea taarifa ya habari ya vita. Mlikasirika, na mlikuwa na haki.

Ila mkaishia hapo! Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule tamthilia yenyewe ikaanza Cartoon Network, ikaenda misimu mitano mfululizo, na kila msimu ulikuwa unaupita uliotangulia. Nyie mlishahukumu kwa muvi moja mkaondoka. Hata kijana anayetuingizia muvi kwenye flashi mtaani kwetu kaiweka folda moja na katuni za chekechea, ukiiomba anakuuliza mtoto ana miaka mingapi. Yeye simlaumu, hajaiangalia. Nyie mnaojiita mashabiki wa kutupwa ndio siwaelewi.

Chukua hadithi ya sayari ya Umbara, msimu wa nne, 2011. Episodi nne mfululizo. Sayari ina giza muda wote. Makloni wa kikosi cha 501, yaani askari waliotengenezwa kwa kunakiliwa mtu mmoja, wanapewa kamanda mwingine, Jedi wa mikono minne anaitwa Pong Krell, na huyu bwana hataki kabisa kuwaita askari wake kwa majina. Kwake Kapteni Rex ni CT-7567, basi. Anawatuma wakafe hovyo. Halafu usiku mmoja anawaambia kuna maadui wamevaa sare za makloni, wakawamalize. Wanapigana gizani weee, mpaka Rex anamvua mmoja kofia anakuta sura yake mwenyewe. Wameuana wao kwa wao. Kati ya waliopigwa yumo Waxer, na kwenye kofia yake kuna picha ya Numa, kale katoto ka sayari ya Ryloth alikokaokoa msimu wa kwanza. Hakuna mtu anayesimama kukueleza ile picha ni ya nini. Kama uliangalia unajua, kama hukuangalia imekupita.

Na hao askari wote, Rex, Fives, Waxer, Dogma, wote ni sauti ya mtu mmoja, Dee Bradley Baker. Wamevaa kofia, hakuna sura, na bado ukisikia tu unajua nani anaongea. Kuna mastaa wa muvi mnazozisifia hawana uwezo huo na sura yao wanayo.

Halafu suala la amri ya 66, ile ya kuwaua Jedi. Kwenye Revenge of the Sith, Palpatine, mkuu wa serikali, anasema neno moja, makloni wanawageukia Jedi, tukaambiwa tukubali hivyohivyo. Kamanda Cody, kloni, anampa Obi-Wan upanga wake aliouangusha, wanataniana kidogo, na muda si muda anaamuru apigwe mzinga. Tuliona ni ajabu tukanyamaza. Nani alikuja kutueleza? Katuni. Msimu wa sita, 2014, Fives anagundua kila kloni ana chipu kichwani ya kumlazimisha atii, tangu anatengenezwa. Anahangaika kuwaambia watu, anaonekana kichaa, anapigwa risasi na kloni mwenzake huku ukweli ukiwa mdomoni. Baada ya hapo karudie ile sehemu ya Cody na Obi-Wan uone kama utaiangalia kwa jicho lilelile. Muvi ya 2005 ilitengenezwa upya bila kuguswa hata picha moja.

Lakini hapo tulikuwa tumeshanyang'anywa tonge. Oktoba 2012 Disney wakanunua Lucasfilm, kampuni ya Lucas, kwa dola zaidi ya bilioni 4. Machi 2013, Ahsoka ndiyo kwanza kasingiziwa, kahukumiwa na baraza la Jedi, kasafishwa, kaombwa arudi, kakataa na kushuka zile ngazi peke yake, tangazo likaja kwamba tamthilia inafungwa. Vipande vilivyokuwa vimeshakamilika vikapelekwa Netflix kama msimu wa sita, vingine vikabaki michoro isiyokamilika. Mashabiki wachache walipiga kelele miaka mitano. Nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa mnashangilia kwamba sasa tutapata muvi za watu wa kweli.

Mwaka 2018 wakatangaza kwenye tamasha la Comic-Con pale San Diego kwamba inarudi. 2020 msimu wa saba ukatoka, episodi 12, ya mwisho Mei 4, dunia nzima imejifungia ndani kwa korona. Ghafla kila mtu ni mtaalamu wa Ahsoka! Novemba mwaka huohuo Rosario Dawson akamwigiza kwenye tamthilia ya The Mandalorian, ndiyo kabisa, watu wakabadilisha picha za akaunti. Sikukataa, karibuni. Ila basi mngekuwa na adabu ya mgeni.

Badala yake ikaja tamthilia ya Ahsoka, Agosti 2023, mkaanza tena. Ezra ni nani? Sabine ni nani? Mbona tunapewa mtihani wa somo ambalo hatukusoma? Wakuu, ni watu wa Rebels, misimu minne, 2014 mpaka 2018. Ambayo nayo mliitukana! Ezra mkamwita Aladdin. Mkacheka panga za mwanga kuwa nyembamba mno. Mnajua zile panga nyembamba zimetoka wapi? Kwenye michoro ya Ralph McQuarrie, mchoraji yuleyule aliyemchora Darth Vader kabla hata muvi ya kwanza haijapigwa picha. Yaani nyie mnaojifanya walinzi wa Star Wars ya kale mlikuwa mnaicheka Star Wars ya kale kuliko zote.

Sawa, kwenye hili la Ahsoka studio nayo ina lawama yake. Ukiamua kutengeneza tamthilia ya watu wote, huwezi kumleta mtu kama Ezra ukategemea mtazamaji mpya alie machozi eti kwa sababu wewe unalia. Dave Filoni, mtengenezaji wake, alitakiwa atenge muda awatambulishe. Kadai hilo kwa waliokuuzia. Kusema kwa vile hukuelewa basi katuni ni takataka, hapo ndipo tunapokosana.

Kuna wasomaji wa vitabu vya Star Wars pia. Hawa angalau wana hoja, kwa sababu vitabu viliwajenga Wamandalore miaka na miaka kama watu wa vita, halafu 2010 katuni ikawaletea Duchess Satine, mtawala wao anayehubiri amani kwenye jiji la vioo. Ukiwa umesoma vyote vile, inauma. Na Aprili 2014 Lucasfilm wakavitoa vitabu vyote kwenye historia rasmi, katuni ikabaki. Nikikutana na mtu wa namna hiyo namsikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo anayekuja hapa chini kuandika "katuni", aanze kwa kutaja kaangalia mpaka msimu wa ngapi. Kama ni muvi ya 2008 peke yake, arudi akaanze na episodi ya Rookies, msimu wa kwanza, wale makloni wageni kwenye kituo cha Rishi, dakika ishirini na kitu tu. Muvi airuke, haimpunguzii kitu.

Na wale wa katuni nyingine ya Clone Wars, ile ya Tartakovsky ya 2003, najua mko njiani mnakuja kuniambia Grievous, jenerali wa maadui, yule wa kwanza ndiye alikuwa Grievous. Ni kweli, yule alitisha, huyu wa 2008 kila siku anakimbia tu. Hilo nawapa bure, mengine tukutane kwenye komenti.