Jia Zhangke: nianzie filamu ipi, na uhuru wake uko wapi?

Kipepeo_Dom ameuliza:

Habari zenu wakuu. Sinema za Kichina nilizokulia ni zile za mateke, zinazotafsiriwa na DJ kibandani. Sasa jamaa yangu kanipa flashi yenye Still Life ya Jia Zhangke, akasema huyu ndiye mwongozaji huru wa China. Nimeiangalia yote. Kuna mahali mwanamke anaanika shati, nyuma yake jengo zima linapaa angani kama roketi, na yeye wala hana habari! Mwishoni mtu anatembea juu ya kamba kati ya maghorofa mawili. Nimebaki nashangaa.

Maswali yangu: kwa nini anaheshimika hivyo? Na huru kivipi, kwenye nchi ambayo filamu lazima ipite kwa wakaguzi? Nianzie ipi nimwelewe?

---

Fundi_Mkasi amejibu:

Karibu mkuu. Mimi nahariri video za harusi, mteja akiona shoti imezidi sekunde tano anauliza kama kompyuta imeganda. Kwa hiyo huyu bwana namwangalia kwa wivu.

Tuanze na hiyo uliyoiona. Fengjie ni mji wa kando ya mto Yangtze, wenye historia ya zaidi ya miaka 2000, na ulikuwa unabomolewa upishe maji ya bwawa la Three Gorges. Wale vibarua wenye nyundo unaowaona wanabomoa majengo ya kweli. Jengo linalopaa nalo lilikuwepo pale, yeye kaongeza kupaa tu. Kama mji mzima unaweza kuzama kwa amri, jengo moja likipaa nani ashangae? Mimi naisoma hivyo.

Lakini rudi kwenye sehemu ya noti. Han Sanming, mchimba makaa ya mawe kutoka Shanxi, amekuja kumtafuta mke aliyepotezana naye miaka 16. Vibarua wenzake wanamwonyesha noti ya yuan 10: mgongoni kuna picha ya korongo la kwao hapohapo. Naye anatoa ya 50, ina maporomoko ya Hukou ya mto wa kwao. Wanaume maskini wanaonyeshana nyumbani kwao kwenye pesa ambazo ndizo zilizowatoa nyumbani. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Huyo Sanming, kwa taarifa yako, anacheza kwa jina lake mwenyewe, ni binamu yake Jia, na makaa ya mawe alichimba kweli.

Ili umwelewe, rudi nyuma. Jia kazaliwa 1970 Fenyang, mji mdogo huko Shanxi, nchi ya makaa ya mawe. Akiwa Taiyuan anasomea uchoraji akaingia kuangalia Yellow Earth ya Chen Kaige, akatoka akiwa ameamua kuwa mwongozaji. Mwaka 1993 akapata nafasi Chuo cha Filamu cha Beijing, ila upande wa nadharia, si uongozaji. Kamera aliifuata mwenyewe na wanafunzi wenzake.

Sasa anza na Xiao Wu, ya 1997. Kaipiga Fenyang kwa filamu ya milimita 16, mhusika mkuu ni Wang Hongwei aliyesoma naye, waliobaki wengi si waigizaji, na wanaongea lugha ya mtaani kwao, si Kichina cha redioni. Xiao Wu ni mwizi wa mifukoni. Rafiki yake wa zamani wa wizi kawa mfanyabiashara anayeheshimika, anaoa, na hamwaliki harusini. (Harusi tena, hata huku hazinikosi.) Anampenda binti wa karaoke lakini hawezi kuimba mbele yake, anaimba peke yake bafu la umma likiwa tupu. Ananunua peja, kile kidude cha kupokea ujumbe cha kabla ya simu za mkononi, ili binti ampate. Peja hiyohiyo inalia akiwa na mkono kwenye mfuko wa mtu, anakamatwa. Na ujumbe wenyewe? Utabiri wa hali ya hewa!

Mwisho wake sitakumalizia wote. Polisi ana shughuli kidogo, anamfunga pingu kwenye waya wa nguzo kandokando ya barabara. Watu wanaanza kukusanyika. Kamera inageuka kuwatazama wao, na wale ni wapita njia halisi waliosimama kushangaa watu wanaopiga picha. Wanakutazama wewe. Nimejaribu kutafuta pa kukata hapo, kwa mazoea ya kazi, sikupaona.

Huru kivipi? Filamu hiyo haikupelekwa kwa wakaguzi. Ikaenda tamasha la filamu la Berlin 1998, naye nyumbani akazuiwa kufanya filamu. Akafanya Platform hivyohivyo, bila kibali, hela nyingine zikitoka Japani na Ufaransa, ikaonyeshwa tamasha la Venice 2000. Wachina wenyewe walimwona kwenye diski za magendo, na yeye analijua hilo: katika Unknown Pleasures (2002) mteja anamwuliza kijana muuza diski kama ana Xiao Wu na Platform. Hana. Na mteja ni Wang Hongwei.

---

Shangazi_Kea amejibu:

Fundi umeeleza vizuri, ila umeishia palipokufaa. Tangu The World, 2004, Jia anapeleka miswada yake kukaguliwa kama wengine. Mwaka 2009 alitoa filamu yake kwenye tamasha la Melbourne kwa sababu tamasha lilikuwa na filamu kuhusu Rebiya Kadeer, kiongozi wa Wauighur, Waislamu walio wachache China, aliye uhamishoni. Na 2018 kawa mjumbe wa Bunge la Umma la China. Mwongozaji huru gani huyo? Nampenda, sikatai, lakini tusimpambe.

---

Fundi_Mkasi amejibu:

Shangazi, hayo yote ni kweli, na la Melbourne mimi pia halinipendezi. Ila angalia alichokifanya akiwa ndani. The World kaipigia kwenye bustani ya burudani Beijing yenye Mnara wa Eiffel wa mfano na piramidi za mfano; wafanyakazi wanatembea dunia nzima kila siku na hawana pa kwenda. Hiyo ndiyo ilipewa kibali! Still Life iliyochukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, 2006 aliitoa kwenye majumba ya sinema China siku moja na filamu kubwa ya Zhang Yimou, mwongozaji mwenye jina kubwa China, iliyojaa dhahabu na makasri. Alijua atapigwa, na alipigwa. Halafu A Touch of Sin, 2013, visa vinne vya umwagaji damu alivyovitoa kwenye habari za kweli. Cannes wakampa tuzo ya mswada, nyumbani haikutoka mpaka leo.

Kwangu uhuru wake uko kwenye muda. Hakimbizwi. Mwigizaji wake Zhao Tao alikuwa mwalimu wa ngoma alipomchukua kwa Platform. Baadaye wakaoana, na tumemwona akizeeka filamu hadi filamu. Caught by the Tides ya 2024 kaishona kwa picha alizoanza kuzikusanya 2001, na Zhao Tao humo hasemi neno hata moja. Mpiga picha wa filamu zake nyingi tangu Xiao Wu ni Yu Lik-wai wa Hong Kong. Nani mwingine anaweka picha kabatini miaka ishirini akisubiri zimwambie ni za nini?

---

Shangazi_Kea amejibu:

Hapo kwa Zhao Tao umenipata. Kwa bunge bado.

---

Kipepeo_Dom amejibu:

Shukrani sana wote. Naanza Xiao Wu. Platform naona ina zaidi ya saa mbili na nusu, niivumilie au niiruke?

---

Fundi_Mkasi amejibu:

Usiiruke mkuu, igawe siku mbili kama lazima. Yule Sanming wa Still Life yumo humo pia; subiri ufike anapotaka kazi mgodini. Hajui kusoma, anamwomba binamu yake wa kwenye filamu amsomee mkataba: kifo na uhai ni majaliwa, mgodi hauhusiki, ukifa familia inapewa yuan 500. Ujira ni yuan 10 kwa siku. Anatia sahihi.

Na vaa spika za masikioni. Vipaza sauti vya mtaani, redio, nyimbo za disko, nusu ya filamu iko huko, na kwa spika za simu hutazisikia.