Ukoo wa Majengo: macho ya Mama Mkubwa

*Jumapili usiku*

Halima: Assalaam aleikum wote. Mama Mkubwa, nimekupatia nafasi kliniki ya macho Jumanne. Nitakupitia saa moja asubuhi.

Mama Mkubwa Rukia: Aleikum salaam mwanangu. Ahsante, lakini nafasi hiyo mpe mwingine. Macho ya uzee hayana dawa. Nimeshaona ya kuona.

Salim: Nyanya ulisema hivyo hivyo kuhusu goti

Mama Mkubwa Rukia: Na goti limepona?

Salim: Litaponaje na hujaenda 😂

Mama Halima: Dada, nisemee la Ijumaa ama utasema mwenyewe? Kwenye matatu ya Umoja alimpa makanga mia tano akidhani ni mia mbili. Yule kijana akanyamaza nayo kimya. Nimedai chenji mpaka tukafika Hamza, gari zima linatutazama.

Mama Mkubwa Rukia: Noti za siku hizi zote zinafanana.

Halima: Hazifanani, Mama Mkubwa. Mia mbili ni buluu, mia tano ni kijani. Mwenye mtoto wa jicho ndiye huona rangi zimefifia na kuingia manjano. Lenzi ya jicho imepata ukungu, daktari anaitoa anaweka nyingine, na wengi hulala kwao usiku huo huo. Huja na umri, sikatai. Na hutibiwa.

Mjomba Hamisi: Rukia nenda. Mimi nilikuwa Uhuru Park Desemba 2002 Kibaki akiapishwa. Miaka 71, mguu una plasta, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Uliskia mtu akisema ni uzee? Tulisema ni ajali, kwa sababu ilikuwa ajali. Mguu ukatibiwa, akaongoza nchi miaka kumi.

Mama Mkubwa Rukia: Kibaki alikuwa na madaktari wake. Mimi nina foleni.

Salim: Na Mzee Maruge je? 2004 aliingia darasa la kwanza na miaka 84, Eldoret huko, kavaa sare na soksi

Mama Mkubwa Rukia: Huyo alikuwa anaona ubao.

Mama Halima: 😂😂😂 Hapo amekuweza Salim

Halima: Wacheni niseme kitu kinachoniudhi kazini kila siku. Mgonjwa wa miaka 40 akisema amechoka, tunampima damu, sukari, presha. Wa miaka 70 akisema amechoka, kabla sijashika kalamu ameshamalizia mwenyewe: "lakini sista, ni uzee tu." Na sisi tuna foleni mpaka nje, kwa hiyo tunashukuru tunasonga. Kumbe damu imepungua. Kumbe ni sukari. Wazee wanatusaidia kuwapuuza, tena kwa adabu.

Kuna mtafiti wa chuo cha Yale kule Marekani, Becca Levy. Mwaka 2002 yeye na wenzake walitoa utafiti wa watu 660 wa mji mmoja jimbo la Ohio, wote miaka 50 kwenda juu. Waliulizwa wanauonaje uzee wao, kisha wakafuatiliwa hadi miaka 23. Waliouona vizuri waliishi miaka 7.5 zaidi ya wenzao.

Mjomba Hamisi: Hapo nakupinga. Si wale wagonjwa ndio walikuwa na mawazo mabaya? Mtu anaumwa, atauonaje uzee vizuri?

Halima: Swali zuri Mjomba, nao walilifikiria. Walizingatia umri, kipato, upweke, na kama mtu anajiweza kiafya. Tofauti ikabaki.

Mjomba Hamisi: Sawa. Lakini usitubebeshe sisi yote. Wiki iliyopita niko benki nimeshika fomu, mtoto wa dirishani ananiambia "mzee, kesho uje na kijana wako akusaidie." Nimefanya hesabu za stoo miaka thelathini! Na tazama, nilirudi nyumbani nikamwita Salim aje anijazie. Fomu ya ukurasa mmoja.

Salim: Ilibaki sahihi tu. Ulikuwa umeshaijaza yote, nikashangaa umeniitia nini

Mama Halima: Ndiyo hayo. Dada yeye leso ya Idi niliyomnunulia, ya machungwa, kampa Asha. "Mtu wa miaka yangu na rangi ile!" Na huyu ndiye alikuwa akimwambia mama yetu, "Mama kaa chini, harusi ya nini na umezeeka." Mama alikuwa hajafika hata sitini.

Mama Mkubwa Rukia: Nilikuwa namhurumia jua.

Mama Halima: Harusi ilikuwa usiku.

Halima: Levy anasema hayo pia. Mawazo ya uzee tunayameza tungali wadogo, tukidhani yanahusu wengine tu. Siku tukizeeka tunajikuta tunajisemea wenyewe.

Salim: Basi na mimi nikimtania Nyanya najichimbia

Mjomba Hamisi: Chimba tu. Mimi ile elfu mbili ya Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, sijawahi kusema si mzee, hapo uzee naukubali mzima mzima.

Mama Mkubwa Rukia: Mnacheka. Mnamkumbuka Bi Mwanasha wa pale kwa kisima? Alipasuliwa jicho likaharibika kabisa. Mimi hili langu la kulia bado naona mlango. Nikikaa na uzee wangu, angalau naona mlango.

Halima: Kumbe ni hofu, Mama Mkubwa. Ungesema. Jumanne hakuna atakayekushika na kisu. Ni kupimwa tu. Watakutia matone ya kupanua mboni, utaona ukungu saa kadhaa, ndiyo maana sitaki urudi peke yako. Mengine utamuuliza daktari mwenyewe, na Bi Mwanasha umtaje.

Mama Mkubwa Rukia: Nitamuuliza. Lakini asiongee na wewe mimi nikiwa nimekaa pale kama mzigo.

Halima: Akigeukia kwangu nitatoka nje.

Mjomba Hamisi: Beba kitambulisho.

Mama Mkubwa Rukia: Kile kimekosea mwaka. Wameandika 1952, mimi ni wa 1957.

Mama Halima: Dada, 1957 ndio nimezaliwa mimi.

Mama Mkubwa Rukia: Halima, saa moja kamili. Usinipigie honi mlangoni, majirani wamelala.