Mnaosema "tujitoe EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki)" kila tukikwaruzana na Kenya, njooni kwanza mtuambie kujitoa COMESA tulipata nini

Wakuu nimevumilia sana ila leo naandika. Kila likitokea timbwili na Wakenya, iwe vifaranga kuchomwa Namanga, iwe mahindi kuzuiwa, iwe ndege kunyimwa kibali, hapohapo wanaibuka watu na wimbo wao uleule, "tujitoe tu, wale tunawategemea kwa lipi", na wanapigiwa makofi, laiki kibao, mtu ambaye hajawahi kupeleka hata katoni moja ya biskuti nje ya nchi anawafundisha wenye viwanda uzalendo. Inakera. Inakera sana.

Maana nchi hii ya Tanzania ilishajitoa kwenye jumuiya ya kibiashara, siyo habari ya kufikirika. Tulikuwemo COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tulikuwemo toka ikiitwa PTA miaka ya 80 huko, halafu 1999 serikali ya awamu ya tatu ikatoa notisi na Septemba 2000 tukawa nje rasmi. Sasa angalieni tarehe hii hapa: 31 Oktoba 2000, hata miezi miwili haijaisha, nchi tisa zikafungua eneo huria la biashara, Kenya ndani, Zambia ndani, Malawi ndani, Misri, Sudan, Zimbabwe, Mauritius, Madagaska na Jibuti, bidhaa zao zikaanza kupita bila ushuru wa forodha. Sisi tumenyanyuka mkekani sahani ndo inaletwa.

Na wenye viwanda walisema jamani. Wenye viwanda wa CTI, shirikisho lao la Tanzania, walikuwa miongoni mwa waliolalamika, wakati ule na miaka iliyofuata, kwamba soko linaondoka na Mkenya ndo atakayelichukua. Haikusaidia. Notisi ilishapelekwa Lusaka makao makuu ya COMESA, mwenye mtaji anabaki kuhesabu.

Najua sababu zilizotolewa, msinirudishie hapa kama vile sizijui. Moja, mapato ya forodha yatapungua. Mbili, viwanda vyetu bado vichanga vitamezwa. Tatu, jumuiya zimekuwa nyingi, michango mingi, vikao vingi, tuna SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) na EAC mpya inakuja (mkataba wa EAC ulisainiwa Arusha 30 Novemba 1999), kwahiyo tupunguze.

Hiyo ya viwanda vichanga ndo inaniuma kuliko zote kwasababu jibu lake lilikuwepo ndani ya COMESA yenyewe. Kenya sukari yao ilikuwa inaumizwa na sukari ya bei chee ya wanachama wenzao, walifanya nini? Hawakufunga mabegi. Walikaa mezani wakaomba kinga, wakapewa kiwango maalum cha sukari kuingia, muda ukiisha wanarudi wanaomba tena wanaongezewa, miaka zaidi ya ishirini sukari yao ililindwa huku sabuni yao, chuma chao na plastiki zao zikiingia Lusaka bila ushuru! Yaani walilinda kilicho kigonjwa na kuuza kilicho kizima. Sisi tukachukua kigonjwa na kizima vyote tukatoka navyo nje.

Hiyo ya jumuiya kuwa nyingi nayo, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wote wako EAC na wako COMESA. Zambia na Malawi wako SADC na wako COMESA. Mtaniambia ooh huwezi kuwa kwenye umoja wa forodha (nchi zinazotoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje) miwili kwa wakati mmoja, sawa, kisheria ni kweli kabisa, lakini umoja wa forodha wa COMESA ulizinduliwa Victoria Falls 2009 na mpaka kesho haujawahi kufanya kazi kweli. Tuliogopa gharika, na mvua yenyewe haikunyesha.

Chukua ramani. Tanzania inapakana na nchi nane. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi, Msumbiji. Saba kati ya hizo ni COMESA, aliyebaki nje ni Msumbiji peke yake ambaye alijitoa 1997. Halafu nenda pale bandarini Dar uangalie makontena ya transiti yanaenda wapi: Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi, Uganda. Wote COMESA! Sisi ndo mlango wao, malori yao yanatafuna barabara yetu kutoka Dar mpaka Tunduma, lakini ukitaka kuweka bidhaa uliyotengeneza mwenyewe juu ya lile lori unaambiwa wewe ni mtu wa nje.

Na kitu ambacho wengi hamkijui, hatukutoka hata kwenye kila kitu. Waulizeni madereva wa masafa, ile yelo kadi wanayotembea nayo ni bima ya COMESA, tumebaki nayo mpaka leo. Benki iliyokuwa inaitwa PTA Bank, sasa hivi TDB, Tanzania bado ni mwanahisa. Kwahiyo kwenye bima tumo, kwenye benki tumo, kwenye soko ndo tumetoka. Nani alikaa chini akapiga hii hesabu??

Sasa niwape ya kwangu ili msiseme naongea siasa. Mimi na washirika wangu tuna kakiwanda ka kushona hapa Dar, kazi yetu kubwa ni ovaroli, zile za mafundi na wachimbaji, drili nzito, zipu mbili, riflekta mabegani na magotini. Soko la ovaroli liko wapi ukanda huu? Kopabelti, ukanda wa migodi ya shaba Zambia. Kitwe, Ndola, Chingola, halafu ukivuka Kasumbalesa unaingia Lubumbashi na Kolwezi za Kongo, migodi imejipanga, na wale watu ovaroli moja inaisha baada ya muda mfupi kwahiyo ni mali inayotembea mwaka mzima.

Kitambaa chetu kinatoka China, drili ya uzito ule kwa bei ile hapa ndani hatupati. Sasa kwenda Zambia mlango wetu ni SADC, na kanuni za uasili wa bidhaa za SADC kwenye nguo zinataka hatua mbili, yaani kitambaa chenyewe kiwe kimefumwa ndani ya ukanda ndipo nguo ishonwe. Kushona tu hakutoshi. Ovaroli yangu imekatwa Dar, imeshonwa Dar, akina dada zaidi ya thelathini wanalipwa mshahara hapo, lakini kwa macho ya SADC siyo ya Tanzania, kwasababu kitambaa ni cha China. Ikifika Nakonde, mpakani upande wa Zambia, inalipa ushuru kamili sawasawa na ovaroli iliyoshonwa Guangzhou. Sasa nishindane na Mchina kwa bei ya Mchina nikiwa nimelipa umeme wa huku na riba ya huku?

Kanuni ya COMESA ni tofauti, ukionyesha umeongeza thamani ya asilimia 35 kwa gharama za kiwandani umepita. Kwahiyo Mkenya akiagiza kitambaa kilekile, pengine kwa wakala yuleyule, akashona Nairobi, lori lake likapita Namanga, likapita Dodoma, Iringa, Mbeya, kwenye barabara niliyochangia kodi mimi, likafika Nakonde foleni moja na langu, yeye anaonyesha cheti cha COMESA na kupita, mimi natoa hela. Nimelishuhudia hili kwa macho yangu, tumekaa na dereva wake tunakunywa chai ananiambia wao wanamaliza makaratasi tu.

Nikaenda kwenye ofisi moja ya serikali kuuliza kama kuna namna yoyote, hata maombi maalum. Kijana wa dirishani wala hakuelewa swali. Nikapelekwa kwa bosi wake, bosi akaniambia "hiyo ni sera mzee wangu, sisi hatuhusiki", halafu akanishauri nitafute soko la ndani. Soko la ndani! Mgodi uko Kitwe yeye ananiambia niuze Manzese.

Kuhusu Kongo najua mtasema kashaingia EAC toka 2022. Sawa, bendera imepandishwa Arusha, ila mnaopeleka mzigo kule mnajua mambo ya kule, kusaini mkataba na mzigo kupita Kasumbalesa bila kukamuliwa hazijakutana bado.

Ili niwe mkweli, wapo wenzetu waliofurahia ule uamuzi wa 2000. Wenye viwanda wanaouza humuhumu ndani, ambao bidhaa za Misri zingewatoa jasho, wao walipumua na sina ugomvi nao, mtu analinda mtaji wake. Ila angalieni upande wa pili. Mkenya analeta malighafi iliyosindikwa kutoka Misri kwa ushuru sifuri, mimi wa Tanzania malighafi hiyohiyo nalipia ushuru wa pamoja wa EAC, asilimia 10 au 25 kutegemea na kitu chenyewe, halafu tunakutana kwenye rafu za duka lilelile Mwanza. Kwahiyo hata huyo anayeuza ndani ambaye tuliambiwa amelindwa, amelindwa na nani?

Na mwenye hela anayetafuta pa kuweka kiwanda halitazami hili kwa bendera. Swali lake la kwanza ni nikitengenezea hapa nauza wapi bila ushuru. Nimekaa kwenye vikao na watu wa namna hiyo, wanaipenda bandari yetu, wanapenda amani yetu, ardhi wanaitaka, wakifika kwenye orodha ya masoko wanaanza kuguna, mwisho unasikia kiwanda kimeenda Kenya na Tanzania wamefungua ghala. Ghala wakuu! Vijana wetu wanapata kazi ya kupakua maboksi.

Kuna watakaokuja na AfCFTA, eneo huria la biashara la Afrika nzima, au ule mkataba wa kuunganisha COMESA, EAC na SADC, kwamba hayo mambo yatajimaliza yenyewe. Ule wa utatu ulisainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015, umeanza kufanya kazi kisheria Julai 2024. Miaka tisa! Nendeni benki mkaombe mkopo useme marejesho yatasubiri nchi ziridhie mkataba.

Sasa turudi kwenye hii kelele ya kujitoa EAC. Kwa bahati nzuri mkataba wa EAC ibara ya 145 inataka theluthi mbili ya wabunge wote wapitishe azimio, halafu notisi ya miezi kumi na mbili, kwahiyo hamuwezi kuamka asubuhi mkatutoa. Ila nawajua wanasiasa wetu, kelele zikizidi huku mitandaoni kuna mtu atazibeba kwenda nazo jukwaani. Waingereza walipiga kura 2016 wakiwa na hasira za namna hii na 2020 wakatoka, wenye viwanda wao walionya kuhusu makaratasi ya mpakani na makaratasi yakaja kweli, na wale angalau waliulizwa. Sisi 2000 nani aliulizwa?

Ninachotaka ni hivi. Wizara ya viwanda na biashara iweke mezani tathmini ya tulichopata na tulichokosa toka Septemba 2000, bidhaa kwa bidhaa, mpaka kwa mpaka, mimi sijawahi kuiona na wenzangu niliowauliza hawajaiona. Kurudi COMESA lijadiliwe waziwazi na waitwe wanaosafirisha, siyo wakurugenzi wa semina. Na kama kurudi haiwezekani basi wakae na wenzao wa SADC wailegeze ile kanuni ya nguo, hata kwa nguo za kazi tu.

Na wewe unayetaka tujitoe EAC, usije na matusi wala "nenda Kenya ukaishi", njoo na jibu la swali moja: siku tukitoka, anayeuza saruji Kigali, anayeuza mchele Kampala na anayeuza unga Bujumbura watalipa ushuru kiasi gani, na hiyo hela watakufidia wewe au nani?