Kuhamia Yellow Springs, Ohio na watoto: maisha yakoje?

MamaZuhura: Habari zenu wapendwa. Mume wangu kapata kazi Dayton, tunataka kupanga Yellow Springs. Watoto wana miaka 6 na 9, wamezoea kucheza nje kwetu Kinondoni. Huko wataweza?

Mzee_wa_Ohio: Karibuni, dada. Wataweza, na hilo ndilo lililonifanya nibaki. Watu hawafiki 4,000, na wanangu huzunguka kwa baiskeli bila hofu. Reli ya zamani imegeuzwa njia ya baiskeli, inakatiza kijiji mpaka Xenia na mbele zaidi. Jumamosi tunashuka msitu wa Glen Helen, kwenye chemchemi yenye madini ya chuma. Mawe yake yana rangi ya kutu, na kijiji kimepata jina hapo, maana Yellow Springs ni "chemchemi za manjano". Chuo cha Antioch, alikosoma Coretta Scott King, mke wa mpigania haki Martin Luther King Jr., kiko hapohapo. Tatizo ni nyumba: chache, na kodi inazidi ya Xenia au Fairborn. Anzeni kutafuta sasa.

NeemaDayton: Gari lazima, shoga. Hospitali kubwa na unga wa ugali unavifuata mjini. Makoti nunueni hukuhuku.

MamaZuhura: Asanteni. Na upweke je?

Mzee_wa_Ohio: Majira ya baridi ya kwanza ni magumu, sikufichi. Saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaingia. Wapeleke watoto maktaba na uwanja wa mpira. Wazazi wenzako utawapata huko. Mkifika, mke wangu atawapikia pilau.