Mrejesho: Reli nyepesi kando ya bustani yetu

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri jinsi wakazi wa mtaa wetu hapa Nairobi wangesikilizwa kabla ya kuamuliwa njia ya reli nyepesi inayopendekezwa kando ya bustani ya umma. Mlionielekeza kwenye Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010, inayoitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kulinda mazingira, na kwenye kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003, zinazodai mikutano isiyopungua mitatu na jamii zitakazoathirika, mmetusaidia sana. Tulikuwa tumeitiwa mkutano mmoja tu, tena saa za kazi. Tuliandika barua, na wa pili umepangwa Jumamosi.

Hatuipingi reli, kwa maana msongamano wa magari unatuchosha kila asubuhi. Tunachoomba ni njia ipite upande wa barabara, mizizi ya mikuyu isikatwe, na watoto na wazee wawekewe vivuko salama. Mzee mmoja alitukumbusha mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na jengo hilo halikujengwa. Jumamosi tutawasilisha ramani ya miti tuliyoichora wenyewe.