Mjadala: Hati ya kusafiria ya mkimbizi ni haki au ni hisani?

Mtoa Hoja

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, ingawa mimi mwenyewe ninaliandika nikiwa na uchungu. Mimi ni mkimbizi ninayetambuliwa kisheria, na nchi inayonihifadhi imenipa hati ya kusafiria ambayo juu ya jalada lake imetajwa Mkataba wa tarehe 28 Julai 1951, unaohusu hadhi ya wakimbizi. Mwezi uliopita nilifika uwanja wa ndege nikiwa na tiketi na viza halali, lakini mhudumu wa kaunta aliigeuzageuza hati yangu, akamwita msimamizi wake, msimamizi akapiga simu, na ndege ikaondoka mimi nikiwa bado nimesimama pale. Niliambiwa kwamba uraia wangu hausomeki. Mahali pa uraia pameandikwa XXB, alama ambayo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeiweka kwa ajili ya wakimbizi wa Mkataba huo, nayo husomwa na mashine kama alama ya nchi yoyote. Ninauliza: ikiwa nchi zilizoridhia Mkataba zimekubali kuitambua hati hii, kwa nini mwenye hati ndiye alazimike kuwafundisha watu kaunta baada ya kaunta?

Mlinda Mpaka

Nakupa pole kwa safari iliyokatika. Hata hivyo, nadhani unadai zaidi ya ulichoahidiwa. Ninavyokumbuka, Mkataba unasema kwamba nchi inaweza kumpa mkimbizi hati, yaani ni hisani, na anayefanyiwa hisani hapangi masharti. Shirika la ndege nalo lina sababu ya kusita, kwa kuwa likimfikisha mtu asiyeruhusiwa kuingia, hulazimika kumrudisha na mara nyingi hutozwa faini. Na tuseme lile ambalo wengi wanaogopa kulisema: wapo wanaoapa kwamba kwao ni mauti, kisha tunasikia wamekwenda huko huko kuzika na kuozesha mabinti. Mwenye hofu ya kweli harudi alikokimbia.

Binti wa Mkimbizi

Sentensi yako ya mwisho imenichoma, nami siwezi kuipita kimya. Bibi yangu mzaa baba alifariki wakati baba akiwa katika mwaka wake wa kumi na moja ugenini. Alisikiliza mazishi kwa simu, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakwenda. Hati yake iliandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa nchi aliyozaliwa, naye aliyashika maneno hayo hata siku ya kumzika mama yake. Kwa hiyo unaposema kwamba tunasikia, nakuomba useme umesikia kwa nani, kwa sababu uvumi wa aina hiyo ndio unaowafanya wahudumu wa kaunta wamtazame kila mwenye hati hii kama mwongo.

Mlinda Mpaka

Dada yangu, sikumsema baba yako, na ninamwombea marehemu bibi yako pumziko jema. Lakini huzuni ya familia moja haifuti sheria. Ibara ya kwanza ya Mkataba, kifungu C, inasema kwamba mtu anayejiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake hakai tena katika ukimbizi. Maneno hayo sikuyatunga mimi.

Karani Mstaafu

Nimepokea maombi ya hati hizi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na naona mambo mawili yanachanganywa. Kuchukua pasipoti ya nchi uliyoikimbia ni jambo moja, na kukanyaga ardhi yake ni jambo lingine. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kilichotolewa mwaka 1979, kinasema kwamba anayeomba na kupewa pasipoti ya taifa lake huchukuliwa kuwa amekusudia kurejea chini ya ulinzi wake, isipokuwa akithibitisha vinginevyo. Kuhusu ziara, kitabu hicho hicho kinatofautisha kwenda kumwona mzazi mzee au mgonjwa na kwenda mara kwa mara kwa mapumziko au biashara. Kinatoa pia mfano wa mtu anayelazimika kuomba talaka katika nchi yake kwa kuwa talaka ya kwingine haitatambuliwa, na kinasema wazi kwamba kitendo hicho hakihesabiki kuwa ni kurejea kwa hiari. Neno hilo la hiari ndilo lililokuwa likinikesha. Nilikutana na waliodanganya, na sitawaficha. Nilikutana pia na mama aliyeingia kwao kwa siku tatu usiku usiku, akamwona mwanawe hospitalini, akatoka kwa njia aliyoingilia. Ofisi iliyomwita baadaye kumhoji ilitaka kumfutia hadhi yake kana kwamba alikwenda kustarehe. Hofu yake haikuwa imepungua hata chembe. Alikuwa na mtoto tu.

Mwanafunzi wa Sheria

Samahani kwa kuturudisha nyuma, lakini limepitishwa neno ambalo si sahihi, na mjadala mzima unalitegemea. Mlinda Mpaka amesema kwamba nchi inaweza kutoa hati. Ibara ya 28 haisemi hivyo kwa mkimbizi anayekaa nchini kihalali. Kwake, nchi inawajibika kutoa, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Neno "inaweza" linahusu wakimbizi wengine walioko katika ardhi ya nchi hiyo. Kiambatanisho cha Mkataba kinaongeza kwamba ada ya hati isizidi kiwango cha chini kabisa wanacholipa raia kwa pasipoti zao, na kwamba nchi wanachama zitambue hati zilizotolewa na wenzao. Ni kweli kwamba ibara ya 42 inaruhusu nchi, inapojiunga na Mkataba, kujiwekea sharti la kutofungwa na ibara ya 28 au sehemu yake, jambo lisiloruhusiwa kwa ibara ya 33 inayokataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Lakini mahali ambapo sharti hilo halikuwekwa, hakuna hisani hapo, lipo deni.

Mlinda Mpaka

Nimesoma tena na ninakubali kwamba nilikosea kuhusu neno hilo. Sikubali hitimisho lako. Kuitambua hati si kumfungulia mlango mwenye hati. Kiambatanisho hicho hicho kinaziachia nchi sheria zao za kuingia na kukaa, na kinasema pia kwamba hati haimpi mwenyewe haki ya kulindwa na ubalozi wa nchi iliyoitoa. Akipata matatizo huko aendako, nani atamsemea?

Mtoa Hoja

Ndugu Mlinda Mpaka, mimi nilikuwa na viza. Mlango nilikuwa nimekwisha kufunguliwa na wenye nyumba, nikazuiwa na mtu aliyesimama barabarani. Na hofu ya shirika la ndege kwamba litabaki na mtu asiye na pa kurudi inajibiwa na aya ya 13 ya Kiambatanisho hicho: nchi iliyotoa hati imejifunga kumpokea tena mwenye hati wakati wowote hati ikiwa hai. Hata inapoupunguza muda wa kurudi, jambo ambalo si la kawaida, hauwezi kuwa chini ya miezi mitatu. Vyeti vya Nansen vya mwaka 1922, yaani karatasi za kusafiria walizopewa wakimbizi kabla ya Mkataba huu, havikumhakikishia mtu kurudi nchi iliyomwandikia, na aliyevuka mpaka na cheti chake aliweza kujikuta amefungiwa mbele na nyuma. Aya ya 13 iliandikwa na watu walioyaona hayo, nami niliionyesha kaunta, imechapishwa kwenye karatasi, hakuna aliyetaka kuisoma.

Karani Mstaafu

Je, hati yako ilikuwa imebakiza muda gani? Ninauliza kwa sababu Kiambatanisho kilitaja uhai wa mwaka mmoja au miwili, na nchi nyingi hudai miezi sita iliyobaki kabla ya kumpokea msafiri.

Mtoa Hoja

Ilibakiza miezi saba, Mzee wangu. Nimeambiwa nikate tiketi nyingine. Sasa imebakiza sita na siku chache, na ombi la kuihuisha limo ofisini, pamoja na hati yenyewe.