Kebo ya fezi tatu karakanani: shaba ya mm 4, shaba ya mm 10 au alumini ya mm 16?

SeremalaKeko
Wakuu, habari za kazi. Karakana yangu ya mbao iko Keko, Dar. Nimeshavutiwa fezi tatu, volti 400. Nina msumeno wa duara kW 7.5, randa kW 5.5 na kompresa kW 4. Kutoka mita hadi boksi la swichi ni mita 40, uani, magari ya mbao yanapita juu yake. Fundi mmoja anasema shaba ya mm 4 yatosha, mwingine anataka mm 10. Dukani nimeoneshwa alumini ya mm 16, bei yake nafuu sana. Nichukue ipi?

Kipimo
Mm 4 achana nayo (hizi mm za kebo ni milimita za mraba, yaani eneo la waya ukikatwa). Mashine zote zikifanya kazi utavuta kama ampea 33. Kwa mita 40, mm 4 inapoteza volti 12 na ushee, mm 10 inapoteza 5. Ukiishia hapo utaona mm 4 imepita, maana kikomo cha 5% ni volti 20. Shida iko kwenye kuwasha. Msumeno ukiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita hivi ya ampea zake, na randa bado inazunguka. Hapo mm 4 hushusha volti mno, na zikishuka 10%, nguvu ya mota kuzungusha hushuka kama 19%. Inachelewa kushika kasi, inachemka, na baada ya muda unaipeleka kusukwa nyaya upya.

FundiMota_Tanga
Naunga mkono. Ila alumini msiidharau: mm 16 yake inapitisha umeme karibu sawa na shaba ya mm 10. Udhaifu wake ni kwenye maungio. Hulegea chini ya skrubu, na ikikutana na shaba kwenye unyevu wa pwani huliwa. Inahitaji lagi zake maalumu (vichwa vya chuma vya mwisho wa kebo) na koleo la kuzibana. Fundi wako kama hana, nunua shaba.

DadaUmeme
Kaka, uani weka kebo yenye nyaya za chuma chini ya ganda, uifukie kama sentimita 60, na chuma hicho kifungwe kwenye athi (waya wa kwenda ardhini). Waya ndani ya paipu ni wa ndani ya banda tu. Na banda la bati lina joto: mfano, mm 6 kwenye paipu hubeba ampea 36 kwenye nyuzi joto 30, zikifika 40 inabaki na 31 hivi. Kompresa kama unaihamisha-hamisha, ipe kebo laini ya mpira.

SeremalaKeko
Asanteni sana. Basi shaba ya mm 10, yenye chuma. Nitajuaje kama si feki?

Kipimo
Nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Mm 10 ya kawaida ina nyuzi saba, kila moja unene wa milimita 1.35. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Halafu mm 10 inaishia kwenye boksi. Toka hapo kila mashine iwe na laini yake, breka yake na kikinga mota chake. Msumeno mm 4, hizo nyingine mm 2.5. Kazi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na apime athi kabla hujawasha chochote.